Mabaka ya Jua na Tiba ya Nuru: Nasaha kwa Watu wa Runzewe

Mtu asafiriye kwa barabara kuu itokayo Kahama kwenda Rusumo, akaipita Ushirombo na kuingia Runzewe wakati wa adhuhuri, hukuta mji wa biashara uliokaa juu ya uwanda wenye kimo cha zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, nyuzi tatu na ushei kusini mwa mstari wa Istiwai, mahali ambapo jua husimama juu ya utosi mara mbili kila mwaka na kwa miezi mingine yote haliendi mbali. Kwa wakazi wengi wa huko, Wasumbwa na Wasukuma pamoja na wageni waliovutwa na dhahabu kutoka kila pembe ya nchi, ukali wa jua hilo ni taabu ya jasho na kiu tu, kwa kuwa Mola amewavika ngozi yenye rangi ya kutosha kuikinga miale ya urujuanimno isipenye na kuharibu seli zilizo chini yake. Lakini wako ndugu zetu wenye ualbino, ambao miili yao haiumbi rangi hiyo, au huiumba kidogo sana, na ambao makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa Tanzania husema ni mtu mmoja katika kila watu 1,400. Na kwao hao jua lile lile linalokausha pamba na udaga wa mihogo huandika juu ya ngozi hesabu ambayo haifutiki kwa urahisi. Nasaha hizi nawaandikia wao, na wazazi wao, na waajiri wao wa kwenye makarasha ya kusagia mawe na mialo ya kuoshea dhahabu, kwa sababu nimesikia habari za tiba ya nuru zikienezwa kwa bashasha iliyopita kiasi, ilhali tiba zilizo karibu na nyumbani zinadharauliwa.

Tuanze na maradhi yenyewe. Baka la jua, lile ambalo matabibu hulihesabu kuwa ni hatua inayotangulia saratani, aghalabu haliumi wala halitishi. Ni kipande kidogo cha ngozi kilichokauka, chenye magamba, pengine chekundu, pengine cha rangi ya ngozi yenyewe, na ukikipapasa kwa ncha ya kidole hukwaruza kama msasa hata kabla jicho halijakiona. Ndiyo maana nawahimiza akina mama wawapapase watoto wao kwa vidole wakati wa kuwapaka mafuta, wasitegemee macho peke yake: paji la uso, mgongo wa pua, ncha za masikio, shingo upande wa nyuma, migongo ya mikono, na mdomo wa chini, kwa kuwa hapo ndipo jua hupiga zaidi. Baka moja halina maana kwamba mtu ana saratani, na mengi hukaa miaka bila kugeuka; walakini hakuna tabibu awezaye kukuonyesha kwa yakini ni lipi litakalogeuka na lipi litakalotulia, na mtu mwenye mabaka mengi usoni amebeba hatari kubwa kuliko mwenye moja. Baka linapokuwa nene, au likaota kinundu au pembe, au likauma ukiligusa, au likatoa damu, au likawa kidonda ambacho mwezi mzima umepita hakijafunga, basi hilo limeondoka katika mlango wa makala haya na kuingia katika mlango wa kisu na maabara. Wala lisipakwe dawa ya miti, wala lisipewe nuru, mpaka kipande chake kimekatwa na kuchunguzwa.

Kwamba maneno haya si vitisho vitupu, iko ithibati ya zamani kidogo. Mwaka 1985 matabibu wa Dar es Salaam, Luande na wenzake, walichapisha uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino waliokuwa wamesajiliwa katika mji ule, wakaona kwamba madhara ya jua yalianza kujidhihirisha tangu utotoni, na kwamba saratani zilizokwisha komaa ziliwaangukia watu wengi wakiwa katika miaka ya thelathini na kitu, umri ambao mtu ndio kwanza anakamilisha nyumba yake na kusomesha wanawe. Miaka saba baadaye, mwaka 1992, kikafunguliwa mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, na watabibu wake hawakuridhika kuwangojea wagonjwa chini ya Mlima Kilimanjaro, bali walitoka kuwafuata vijijini, wakiwapima ngozi, wakiwagandisha mabaka, wakiwapa kofia na mafuta. Humo humo KCMC ndimo yalimoanza kutengenezwa mafuta ya Kilisun, yaliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, na baadaye shirika la Standing Voice likasaidia kuzipeleka kliniki hizo za kutembea katika mikoa mingi, Kanda ya Ziwa ikiwamo.

Sasa niieleze tiba ya nuru, maana anayeitamani tiba lazima aijue ilivyo. Asili yake ni ya zaidi ya miaka mia moja. Mnamo mwaka 1900 mwanafunzi wa udaktari katika mji wa Munich, Oscar Raab, alitangaza ajabu aliyoikuta alipokuwa akivitia rangi viumbe vidogo vya majini: vikiwa gizani pamoja na rangi ile viliendelea kuishi, na vikiwa katika mwanga pasipo rangi ile viliishi vile vile, lakini rangi na mwanga vilipokutana vilikufa. Miaka mitatu baadaye Niels Finsen, tabibu aliyezaliwa katika visiwa vya Faroe na kufanya kazi Denmark, akatunukiwa tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa miale ya taa. Ilipita karibu karne nzima ndipo Kennedy na wenzake, huko Canada, walipoonyesha mwaka 1990 kwamba dawa ya kupaka iitwayo asidi ya aminolevuliniki inaweza kutumika kwa mabaka ya jua, na mwishoni mwa mwaka 1999 Marekani ikaidhinisha tiba hiyo.

Utendaji wake ni huu. Tabibu hukwangua magamba ya mabaka taratibu, kisha huipaka dawa juu ya eneo zima lililoharibika, akalifunika na kungoja saa kadhaa. Dawa yenyewe haiui kitu. Bali seli zenye maradhi, ambazo hujigawa kwa haraka kuliko jirani zake, huipokea na kuigeuza porfirini, maada ya jamii moja na ile inayoitia damu wekundu wake, na kuilimbikiza kuliko seli zenye afya. Hapo ndipo taa ya rangi nyekundu au ya buluu huwashwa. Porfirini huunyaka mwanga ule, huichochea oksijeni iliyomo ndani ya seli ikawa kali, na seli ile ikaungua kwa ndani, ilhali jirani yake iliyo nzima hupata madhara madogo. Mgonjwa huvalishwa miwani mizito. Maumivu ya kuchoma huja wakati taa inawaka, na kwa baadhi ya watu huwa makali hata feni au maji baridi yakahitajika. Baada yake ngozi huiva, huvimba kidogo, hufanya magamba, na katika muda wa wiki moja au mbili huchubuka na kuacha ngozi mpya. Sifa yake kubwa, na ndiyo inayoipendekeza kwa mtu mwenye ualbino, ni kwamba hutibu shamba zima: mabaka yanayoonekana pamoja na yale ambayo bado yamejificha chini, bila kuacha makovu mengi kama kisu.

Iko namna ya pili, iliyoenezwa hasa na watabibu wa Denmark, ambapo badala ya taa hutumika mwanga wa mchana: mgonjwa hupakwa kwanza mafuta ya kuzuia miale ya urujuanimno ya aina isiyozuia mwanga wa kawaida, halafu dawa, na kabla nusu saa haijapita hutolewa nje akae muda wa saa mbili, kisha huingizwa ndani na kupanguswa. Maumivu yake ni haba, na taa haihitajiki. Najua mtu wa Runzewe akisoma maneno haya atajiambia, jua tunalo la kumwaga, tunangoja nini? Hapo nasema kwa mkazo: asidhani mtu yeyote kwamba kukaa juani ni tiba, wala asinunue kwa mchuuzi taa ya rangi yoyote iliyopewa jina la taa ya saratani. Pasipo dawa, jua ni lile lile lililoleta baka. Na ikiwako dawa pasipo msimamizi anayejua ni mafuta gani yapakwe kwanza na ni saa ngapi mtu aingizwe ndani, ngozi isiyo na rangi itaungua vibaya chini ya jua la mchana la Istiwai.

Lililo gumu katika tiba hii, na ambalo wasifiaji wake huliruka, ni siku mbili zinazoifuata. Dawa iliyobaki ndani ya ngozi haizimiki taa inapozimwa. Kwa muda wa saa 48 hivi huendelea kuchochewa na mwanga wowote wenye nguvu, na si urujuanimno tu, hivyo kwamba mafuta ya kawaida ya kujikinga na jua hayafai kitu kwa siku hizo, na kioo cha dirisha la basi hakizuii. Fikiri basi juu ya mtu aliyetibiwa Mwanza asubuhi na ambaye mchana huo huo anapanda gari kurudi nyumbani: avuke daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 na kuwaondolea wasafiri adha ya kivuko, apite Sengerema, Geita na Katoro, ashuke Bwanga kubadili gari, halafu apande bodaboda kutoka stendi ya Runzewe hadi kwake, uso wazi njia nzima. Huyo atakuwa ameendelea kutibiwa bila tabibu kwa saa nyingi, na usiku atalia kwa maumivu. Yeyote atakayepata bahati ya tiba hii, popote itakapokuwa, na apange mapema kulala siku mbili kwa jamaa au katika nyumba ya wageni iliyo karibu na hospitali, mapazia yakiwa yameshushwa, akikaa mbali na taa zenye mwanga mkali. Na ikimlazimu kutoka, ajifunike kitambaa kizito cheusi ambacho ukikielekeza kwenye mwanga hakipitishi kitu, kwa kuwa khanga moja nyepesi haitoshi. Fauka ya hayo, na amwambie tabibu kabla ya kupakwa ikiwa amewahi kuambiwa ana maradhi ya porfiria, au ikiwa anatumia dawa zinazoifanya ngozi ichukie mwanga, mojawapo ikiwa ni doksisaiklini ambayo watu wengi huinunua dukani bila cheti.

Dawa na taa za tiba hii huagizwa kutoka ng'ambo, na bei yake ni nzito. Katika kliniki za kutembea, atakachokikuta mtu wa kwetu aghalabu ni baridi ya kugandisha, krimu na kisu. Je, amepunjwa? Mimi naona sivyo, na ushahidi wangu unatoka katika nchi tajiri. Mwaka 2019 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa Uholanzi, ambamo watu 624 wenye mabaka ya jua kichwani waligawanywa kwa kura katika tiba nne, na mwaka mmoja baada ya tiba kwisha wakatazamwa ni wangapi wamepungukiwa na angalau robo tatu ya mabaka yao. Waliopakwa krimu ya fluorourasili walifaulu takriban 75 katika kila 100. Wa krimu ya imikwimodi 54. Wa tiba ya nuru 38. Na wa jeli ya ingenoli 29. Ni kweli kwamba uchunguzi huo haukuwalenga watu wenye ualbino wala wapondaji wa mawe ya dhahabu, na tofauti hiyo sitaki kuificha. Hata hivyo dawa kongwe kuliko zote nne, na ambayo si ya bei kubwa, ndiyo iliyoshinda, na taa yenye fahari ikaachwa nyuma.

Kwa hiyo maadamu tabibu amekupa fluorourasili, usiipokee kwa uso wa huzuni kama mtu aliyepewa makombo. Lakini ujue inavyofanya kazi, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka. Hupakwa utando mwembamba mara mbili kwa siku, kwa kawaida muda wa wiki nne, mahali palipoonyeshwa na tabibu tu, mbali na macho, na mikono ioshwe vizuri baadaye. Wiki ya kwanza hutaona kitu. Wiki ya pili na ya tatu ngozi itaiva, itachubuka na kufanya gaga, na hata mahali ulipodhani ni pazima patajitokeza mabaka yaliyokuwa yamejificha. Jirani atakuambia umepewa sumu, na mama mkwe atakushauri uitupe. Ukiiacha wakati huo, umepata mateso yote ya dawa bila faida yake. Hali hiyo ndiyo alama kwamba krimu inakamata, na hupoa wiki chache baada ya kuacha kupaka. Ila ikiwa uvimbe umefunga macho, au usaha na homa vimeingia, rudi kliniki bila ajizi. Mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha asiitumie kabisa, na tyubu yake isiachwe mahali pa kufikiwa na watoto au mbwa, kwa kuwa krimu ikimezwa yaweza kuua. Chagua pia majira: aliye mkulima na aianze wakati ambapo si wa kupalilia, na mwanafunzi wakati wa likizo, ili zile wiki nne zipite ndani ya nyumba au kivulini.

Kuhusu baridi sitasema mengi. Naitrojeni ya kimiminika, yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri, hunyunyizwa juu ya baka kwa sekunde chache, likatoka lengelenge, likakauka na kubanduka. Ni kazi ya dakika moja na inafaa sana kwa mtu mwenye mabaka ya kuhesabika. Mwenye mabaka yasiyohesabika hawezi kugandishwa uso mzima, naye ndiye wa krimu, au wa nuru ikipatikana. Na kwa kuwa kimiminika hicho huyeyuka hewani kila saa na hakiwekeki muda mrefu, kliniki ikitangazwa siku fulani uende siku hiyo hiyo, usiseme nitakwenda kesho.

Tiba yoyote kati ya hizi ni bure tupu ikiwa mtu anatoka kliniki na kurudi kuponda mawe juani tangu asubuhi hadi alasiri. Kofia yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote, si kapelo inayoacha masikio wazi, shati la mikono mirefu la kitambaa kilichofumwa kwa kubana, miwani myeusi, mafuta ya kinga yenye kipimo cha 30 au zaidi, yapakwe kwa wingi na yarudiwe kila saa mbili: hayo ndiyo msingi. Lakini kofia na kivuli havimalizi kazi ikiwa riziki yenyewe iko uwanjani. Kwa wenye makarasha nasema, mtu mwenye ualbino anaweza kushika daftari la mifuko ya mawe na mizani ya dhahabu chini ya bati kwa ustadi ule ule wa mwingine, mradi apewe maandishi makubwa, kwa kuwa macho yake nayo ni dhaifu. Kumweka kwenye mwalo au kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, juani ni kumpunguzia umri kwa ujira wa siku. Na walimu wamketishe mtoto mbele ya darasa, wamwondoe katika gwaride refu la asubuhi na mechi za saa nane.

Hatuwezi kunyamaza pia juu ya jambo la aibu. Tangu kiasi cha mwaka 2007 Kanda ya Ziwa ilichafuliwa na mauaji ya watu wenye ualbino, kwa uongo wa wapiga ramli waliowahadaa baadhi ya wachimbaji na wavuvi kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri, na mpaka leo ziko familia zinazoogopa kumtoa mtoto nyumbani hata kwa ajili ya kliniki. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake si kumficha mtoto mpaka baka liwe donda, bali ni kusafiri pamoja: jamaa wawili au watatu, mwenyekiti wa kitongoji akijua siku ya kwenda na ya kurudi, na wenye watoto wa hali moja wakikodi gari moja. Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania huwa na habari za siku na mahali pa kliniki, na Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Mwanza, ndipo pa kwenda linapotakiwa jambo kubwa kuliko uwezo wa wilaya.

Mwenye mabaka arudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na mtoto asiye na baka angalau mara moja kwa mwaka. Akikatwa kipande cha kupelekwa maabara, aulize majibu yatatoka lini na yatamfikia kwa njia gani. Maana majibu huchukua muda, na mtu wa machimbo hakai mahali pamoja, leo yuko Runzewe, mwezi ujao amesikia dhahabu imetoka Nyarugusu akafunga mizigo, naye akibadilisha laini ya simu, karatasi yenye habari ya saratani yake hubaki katika faili hospitalini. Na aandikishe namba mbili: yake mwenyewe, na ya jamaa asiyehama.